Kutafuta nyaraka za serikali za ng'ambo ukiwa Kigoma: mwongozo kamili

Mtu wa Kigoma akitaka kujua habari za Burundi au Kongo huteremka Kibirizi. Pale mwaloni wapo watu wa Uvira, wa Kalemie na wa Rumonge, na kila mmoja ana la kusimulia. Ni mwanzo mzuri, na mimi mwenyewe nilianzia hapo. Lakini siku ukiandika tasnifu, au historia ya ukoo wako inayovuka mpaka, utaulizwa: serikali ya kule ilisema nini, mwaka gani, kwenye karatasi ipi? Hapo wengi huinua mikono. Wanadhani karatasi hizo zimefungiwa Bujumbura au Kinshasa, na asiye na nauli na jamaa ofisini hawezi kuziona.

Jambo nililojifunza ni hili: karatasi ya serikali haikai mahali pamoja. Afisa aliyeiandika alikuwa na mkubwa wake, mkubwa naye alikuwa na wake, na kila ngazi ilibakiza nakala. Ukijua nani alilazimika kumwandikia nani, utapata nakala hata kama asili yake imeliwa na mchwa. Nakala nyingine leo unaweza kuisoma kwa simu ukiwa umekaa Mwanga, hapa hapa Kigoma.

Ili tusielee hewani nitashika swali moja mpaka mwisho: kwa nini Warundi wengi walivuka kuja kutafuta kazi Tanganyika kati ya vita viwili vya dunia? Wewe badilisha swali, njia ni ile ile.

Kwanza, jua nani alitawala lini

Kabla ya kufungua kompyuta, chukua daftari uchore mstari wa miaka. Urundi ilikuwa chini ya Wajerumani mpaka 1916, majeshi ya Kibelgiji yalipoingia. Baada ya vita Ubelgiji ikapewa Ruanda-Urundi kama nchi ya dhamana (mandate), yaani ya kuisimamia kwa kutoa hesabu, chini ya Shirikisho la Mataifa (League of Nations), lililotangulia Umoja wa Mataifa na kuwa na makao yake Geneva. Sheria ya 1925 ikaiunganisha kiutawala na Kongo ya Kibelgiji. Mwaka 1946 dhamana ikahamia Umoja wa Mataifa, na tarehe 1 Julai 1962 zikazaliwa nchi mbili, Rwanda na Burundi. Kongo nayo ilikuwa mali ya mfalme Leopold II tangu 1885, koloni la Ubelgiji tangu 1908, nchi huru tangu 1960, na kati ya 1971 na 1997 ikaitwa Zaire.

Kila mpaka wa miaka katika mstari huo ni mpaka wa hifadhi pia. Swali la Urundi ya 1910 litakupeleka Berlin, la 1930 litakupeleka Brussels na Geneva, la 1955 litakupeleka Brussels na New York.

Usidhani jambo hili ni la kwao peke yao. Kigoma hii hii ilitawaliwa na Wabelgiji kuanzia 1916 hadi tarehe 22 Machi 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza. Siku chache kabla, tarehe 15 Machi, yalitiwa saini makubaliano yaliyowaachia Wabelgiji maeneo ya bandari hapa na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Ndiyo asili ya jina Belbase, yaani kituo cha Wabelgiji, linaloitwa maeneo hayo. Kwa hiyo anayetafuta habari za Ujiji ya 1918 kwenye majalada ya Waingereza anapoteza nauli. Miaka ile mitano aitafute kwa Wabelgiji.

Majina yanakuficha nyaraka

Wiki nzima ya kwanza niliandika "Bujumbura" kwenye kila sanduku la kutafutia. Nilipata mambo ya juzi tu. Nikaamini nyaraka za zamani hazipo. Jioni moja nikawa nimekaa na mzee mmoja pale Kibirizi, nikamweleza shida yangu.

"Unatafuta wapi, mwanangu?"

"Bujumbura, babu."

"Bujumbura ya nini? Sisi tulikuwa tunakwenda Usumbura."

Nilirudi nikaandika Usumbura. Orodha ikafunguka.

Basi jiandalie ukurasa wa majina kabla ya kutafuta chochote. Bujumbura ni Usumbura, Gitega ni Kitega, Kalemie ni Albertville, Moba ni Baudouinville, Kinshasa ni Léopoldville, Lubumbashi ni Élisabethville. Rwanda iandike pia Ruanda, na Burundi iandike Urundi. Kigoma nayo wakati wa Wajerumani utaikuta ndani ya majalada ya wilaya ya Ujiji.

Neno Tanganyika ndilo mtego mkubwa kuliko yote. Linaweza kuwa ziwa, linaweza kuwa nchi yetu kabla ya 1964, linaweza kuwa jimbo la Kongo ambalo mji wake mkuu ni Kalemie. Ukiliandika peke yake utazama. Liambatanishe daima na neno la pili: jina la mji, au mwaka, au jambo lenyewe.

Mipaka nayo ilihama. Gisaka, ambayo leo ni mashariki ya Rwanda, iliangukia upande wa Waingereza kwa muda mfupi kwa sababu walitaka njia ya reli, kisha ikarudishwa Ruanda mwishoni mwa 1923. Ripoti za miaka hiyo zisipoitaja mahali ulipoitarajia, usishangae.

Halafu kuna lugha. Huhitaji Kifaransa cha kuhutubia, unahitaji maneno ishirini ya kutafutia. Kwa swali letu niliandika haya kwenye kipande cha boksi nikakibandika ukutani: main-d'œuvre ni nguvukazi, impôt ni kodi, disette ni upungufu wa chakula, famine ni njaa, émigration ni kuhama, chefferie ni eneo la chifu, corvée ni kazi ya shuruti, portage ni upagazi. Kwa Kijerumani anza na Arbeiter (mfanyakazi), Steuer (kodi), Träger (mpagazi) na Bezirk (wilaya). Programu ya kutafsiri itakusaidia kusoma ukurasa ukishaupata. Kuupata kunahitaji wewe ujue neno alilotumia karani wa wakati ule.

Geneva: hapa ndipo pa kukaa

Ningekuwa na siku moja tu ya kumwelekeza mtafiti, ningeitumia hapa.

Kifungu cha 22 cha mkataba wa Shirikisho la Mataifa kililazimisha kila serikali iliyopewa dhamana kupeleka ripoti kila mwaka. Ubelgiji ilipeleka ya Ruanda-Urundi. Uingereza ilipeleka ya Tanganyika. Zote mbili zilikwenda kwenye meza moja, ya Kamisheni ya Kudumu ya Dhamana, na zilipaswa kujibu mambo yanayofanana: kazi, kodi, afya, elimu, ardhi, idadi ya watu. Fikiria faida yake. Mtu anayevuka mto Malagarasi kutafuta kazi anaondoka kwenye ripoti moja na kuingia kwenye nyingine.

Ninavyofanya ni hivi. Nachukua ripoti ya Ubelgiji ya mwaka fulani na ripoti ya Uingereza ya mwaka huo huo. Kwa Wabelgiji nafungua sura ya nguvukazi, kisha kodi, kisha chakula. Kwa Waingereza nafungua sura ya kazi na ile ya watu wanaoingia nchini. Naandika kwenye daftari lenye safu mbili: huyu anasema nini, yule anasema nini. Safu ya tatu naiacha wazi kwa lile ambalo mmoja amelinyamazia. Hiyo ya tatu ndiyo itakayokuletea maswali mazuri. Serikali haipendi kumwambia msimamizi wake kwamba watu wanaikimbia kodi yake, lakini jirani anayewapokea watu hao kwenye mashamba ya mkonge hana sababu ya kuficha kwamba wamefika.

Miaka ya njaa itazame kwa jicho la pekee. Njaa ya 1928 na 1929 iliyopiga Ruanda iliwasukuma watu wengi kuvuka mipaka, na ripoti za miaka hiyo hazisomwi kama za miaka ya kawaida.

Ukimaliza ripoti, usiondoke Geneva. Tafuta kumbukumbu za vikao vya Kamisheni. Ripoti ni maneno yaliyopigwa pasi kabla ya kutoka nyumbani, ila kikaoni mjumbe wa serikali alisimama kuulizwa ana kwa ana, na maswali na majibu yakaandikwa. Mle utamkuta Lugard, Mwingereza aliyekaa kwenye Kamisheni kuanzia 1923 hadi 1936, na Pierre Orts, Mbelgiji, yule yule aliyekuwa amejadiliana na Waingereza mwaka 1919 kuhusu mgawanyo wa ardhi hii. Sijui kama inawezekana kusoma maswali ya Orts juu ya Ruanda-Urundi bila kukumbuka hilo. Mimi siwezi.

Nyaraka za Shirikisho zimewekwa mtandaoni karibu zote, kurasa kama milioni 15, na kuzisoma hakuna malipo. Ingia archives.ungeneva.org. Andika Ruanda-Urundi pamoja na neno moja la Kifaransa na moja la Kiingereza kwa zamu, kisha punguza kwa miaka. Ujifunze kusoma namba za nyaraka: C. ni ya Baraza la Shirikisho, M. ilisambazwa kwa nchi wanachama, C.P.M. ni ya Kamisheni ya Dhamana, na VI.A mwishoni ni alama ya mambo ya dhamana. Ukikuta namba kama hizo kwenye tanbihi ya kitabu, inakili kama ilivyo uipachike kwenye sanduku la kutafutia. Mara nyingi utafika moja kwa moja.

Mafaili ni mazito, kwa hiyo nunua kifurushi cha usiku. Pakua faili zima badala ya kupiga picha kioo cha simu ukurasa mmoja mmoja, kwa sababu ukurasa wa jalada ndio wenye namba, na bila namba huna ushahidi.

New York, na sauti za watu wenyewe

Baada ya 1946 kazi ya Geneva ilishikwa na Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Kwa mtafiti kuna nyongeza mbili nzuri. Ya kwanza, Baraza lilituma ujumbe wa kutembelea nchi zenyewe, na ripoti za safari hizo zipo. Ya pili, mwananchi wa kawaida aliweza kuandika malalamiko yake, na malalamiko yakapewa namba na kuchapishwa. Alama T/PET.2 ni malalamiko ya Tanganyika, T/PET.3 ni ya Ruanda-Urundi. Mle ndani serikali haisemi peke yake. Utamkuta mtu aliyenyang'anywa shamba, mtu aliyefukuzwa kijijini, mtu anayeomba shule. Tafuta kwenye digitallibrary.un.org kwa alama yenyewe, si kwa maneno tu.

Dar es Salaam kabla ya Ulaya

Watu wanakimbilia kuandika Brussels wakati jalada wanalolitaka limelala Upanga. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyoko hapo Upanga, ina majalada ya Wajerumani na ya Waingereza, na serikali ya Tanganyika iliandika sana juu ya jirani zake: barua kati ya Bwana Shauri wa Kigoma au Kasulu na Mkuu wa Jimbo, habari za wapagazi, za ugonjwa wa malale, za watu waliovuka.

Sheria ya nyaraka ya 2002 imeweka kanuni ya miaka 30, yaani jalada lililotimiza umri huo kwa kawaida hufunguliwa kwa wasomaji. Mtanzania anakwenda na barua ya utambulisho, na kwa mwanafunzi ni ya chuo. Mgeni kutoka nje anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Piga simu kabla ya kupanda treni, uulize barua yako iwe na maneno gani. Ofisi moja niliyowahi kwenda kwa utafiti mwingine ilinirudisha kwa sababu barua ilitaja jina langu na chuo bila kutaja mada. Nililala siku nne gesti nikisubiri barua mpya.

Ukikaa mezani, omba kwanza orodha, si jalada. Soma orodha taratibu, andika namba zote zinazokaribia mada, kisha omba moja moja. Jalada likifika, usikimbilie barua zenye mihuri. Fungua karatasi za mbele, zile ambazo makarani na maafisa walikuwa wakiandikiana maoni kwa mkono kabla barua haijatoka. Pale utakuta "sikubaliani", "tusijibu hili", "muulize Kasulu". Barua inakueleza serikali iliamua nini, karatasi hizo zinakueleza nani alipinga.

Pengo nalo lina sababu. Idara ya Kazi ya Tanganyika iliundwa 1926 ikafutwa 1931, serikali ilipobana matumizi. Ukiona majalada ya kazi yanakauka ghafla miaka hiyo, watu hawakuacha kuvuka. Aliyekuwa akiwaandika ndiye aliondolewa. Hamia kwenye majalada ya wilaya, ya afya na ya reli.

Brussels, Berlin na London kwa barua

Nyaraka za Kibelgiji za Kongo na Ruanda-Urundi, zinazoitwa Archives africaines, zilikuwa Wizara ya Mambo ya Nje na zimehamishiwa Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji, Brussels. Za Wajerumani ziko Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Berlin, fungu R 1001, la ofisi ya makoloni. Sehemu kubwa imepigwa picha na inasomeka kwenye invenio.bundesarchiv.de. Andiko la mkono la Kijerumani cha zamani litakutesa, kwa hiyo anza na kurasa zilizopigwa chapa. Za Waingereza ziko hifadhi ya taifa yao, Kew, London: CO 691 ni mawasiliano ya Tanganyika, FO 371 ni ya Wizara ya Mambo ya Nje, na orodha yake ipo mtandaoni hata kama jalada lenyewe halipo.

Barua yako kwa hifadhi ya mbali ndiyo inayoamua utajibiwaje. Ukiandika "naomba kila kitu kuhusu Burundi", hakuna wa kukusaidia. Andika hivi: "Mimi ni mwanafunzi, naishi Kigoma, Tanzania. Natafuta taarifa za nguvukazi zilizoandikwa na utawala wa Urundi, 1926 hadi 1931, hasa za maeneo yanayopakana na Tanganyika. Je, kuna orodha ya fungu hili? Je, limepigwa picha? Kama halijapigwa, gharama ya kurasa kumi ni kiasi gani?" Kwa Brussels itume kwa Kifaransa. Mwombe mwalimu wa Kifaransa akusomee kabla ya kutuma, na Kigoma hii huwezi kukosa Mkongo au Mrundi wa kukusaidia.

Hifadhi ya Bujumbura utaifikia kwa barabara ya Manyovu. Nenda huko ukiwa umeshasoma Geneva na Upanga, ukiwa na namba na majina mkononi.

Kama swali lako ni la baada ya uhuru

Hapa nitapita haraka. Sheria na amri za Burundi ziko kwenye Bulletin Officiel du Burundi, za Kongo kwenye Journal officiel. Maazimio ya Baraza la Usalama yana alama S/RES, kwa mfano S/RES/1279 ya 1999 iliyounda MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani Kongo, na ripoti nyingine za Baraza huanza na S/ na mwaka. Mambo ya ziwa yasome kuanzia mkataba wa nchi nne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, uliosainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003. Habari za wakimbizi wa Burundi wa 1972 waliopelekwa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo ziguse kwa uangalifu mkubwa. Jina la mtu aliye hai, au ambaye watoto wake wapo hai, usilichapishe kwa sababu tu umelikuta kwenye karatasi.

Kutunza, kisha kurudi mwaloni

Kila nakala ipe jina siku hiyo hiyo: hifadhi, fungu, namba ya jalada, tarehe ya waraka, ukurasa. Nami naongeza nani aliandika na kwa nani. Weka sehemu mbili, moja simuni na moja nje ya simu. Nilipoteza picha zaidi ya mia mbili kadi ilipoharibika, na nyingine sikuzipata tena.

Kisha zichukue karatasi uzirudishe kwa wazee. Nilikuwa na ukurasa wenye jina la mtwale (chifu) mmoja wa kando ya ziwa, limeandikwa na afisa kwa sikio lake, na nilikuwa nimelinakili kwenye rasimu yangu mara kumi na moja. Nilimsomea yule mzee wa Kibirizi. Akanisimamisha, akaniomba nirudie, akacheka, akalitamka upya lenye silabu moja zaidi, akanieleza na kilima alichokuwa akikaa. Nililiandika pembeni ya nakala kwa penseli, na chini yake tarehe na mahali nilipoambiwa.